Umechukua paka wa shelta na chafya haziishi? Tutafute sababu moja moja

Hii nawaandikia watu wawili. Wa kwanza anajijua ana aleji, akiingia nyumba yenye paka macho yanaanza kuwasha, lakini kuna nyau mmoja kule shelta, pale wanapotunzwa paka wasio na wenyewe, kamwingia moyoni na hataki kusikia la mtu. Wa pili kashamchukua, paka yuko ndani, na sasa kila asubuhi ni chafya juu ya chafya na mume ashaanza "si nlikwambia mie". Kama kuna wa tatu, yule ambaye kifua kinambana mpaka kinapiga filimbi, basi ruka yote haya teremka mpaka pale nilipoandika kifua, mengine utayasoma ukishapoa.

Mie niko Lamu kwa hivyo nazungumzia nyumba za Lamu, mawe na chokaa, unyevu, punda mlangoni, udi jioni. Wa Malindi abadilishe viwili vitatu tu yatamfaa. Na nasema mapema ili tusizungushane: katika nyumba zetu hizi paka mara nyingi anabeba lawama za godoro. Si kila siku, kuna watu paka kweli ndiye anayewaumiza na nitawaeleza, lakini mtu akinambia "ni paka" mie namuuliza kwanza analalia nini na mto wake una umri gani.

Kinachowasha si manyoya

Watu wanadhani ni manyoya, ndio utaona mtu anatafuta paka asiye na manyoya, ama anamnyoa maskini wa Mungu wakati wa baridi ya kusi. Kinachosumbua ni protini, wataalamu wanaiita Fel d 1, inatoka kwenye mate ya paka na kwenye vitezi vya mafuta vya ngozi yake. Paka kazi yake ni kujilamba, anajipaka hayo mate mwili mzima, yakikauka yanapukutika vumbi dogo sana ambalo jicho halilioni, linaelea hewani masaa, linanata ukutani, kwenye pazia, kwenye buibui lako lililoning'inia nyuma ya mlango. Kwa hivyo nyumba inaweza isiwe na unywele hata mmoja na wewe ukateseka vilevile.

Hakuna aina ya paka isiyotoa kitu hicho kabisa, anayekuuzia paka "asiyeleta aleji" anakuuzia maneno. Lakini paka hawalingani, na hili ndilo la kushika: mmoja anatoa nyingi, mwengine kidogo, na dume ambaye hajahasiwa kwa kawaida anatoa zaidi kuliko jike na kuliko dume aliyehasiwa. Ndio maana mtu anaweza kukaa na paka wa shangazi yake miaka bila shida na akaingia nyumba ya jirani akatoka macho yamevimba. Usijiulize "nina aleji ya paka?", jiulize "nina aleji ya huyu?"

Bado hujamchukua, unataka kujua kama mtawezana

Hapa ndipo watu wanapoharakisha. Wanaenda shelta wameshameza Piriton tangu asubuhi, wanambeba paka nusu saa, hakuna chafya, alhamdulillahi mambo sawa, kisha wiki ya pili nyumbani wanalia. Siku ya kwenda kumjaribu usimeze dawa ya aleji, manake dawa itakuficha ukweli. Hii ni kwa mwenye mafua na macho tu, mwenye pumu haachi dawa yake na wala hajijaribu peke yake bila kusema na daktari.

Halafu ujue shelta penyewe panadanganya, tena kwa njia mbili. Ukikaa ndani kwenye vizimba unavuta vumbi la paka wote waliomo na waliowahi kuwamo, utapiga chafya na hutajua ni nani kakupigisha. Ukitolewa uwanjani na kaskazi linavuma, hata paka mkali utamwona malaika. Omba chumba kidogo kilichopigwa deki, wewe na yeye peke yenu, mkae kama saa nzima, umshike, umchane, umwache akulambe mkono, na pale alipolamba patazame baada ya dakika chache, pakiinuka na kuwa pekundu hiyo nayo ni habari. Kisha usikate shauri siku ile ile, kwa sababu mwili hujibu mara mbili, kuna mafua ya papo hapo na kuna yale yanayokuja masaa kadhaa baadaye, ushaoga ushalala ndio pua inaziba. Rudi tena siku nyengine.

Bora kuliko yote ni kukubaliana na shelta umlee kwa muda kabla ya kuandikiana. Watu wa shelta wengi watakubali, manake na wao hawapendi paka atoke leo arudi kesho amechanganyikiwa. Mkubaliane mapema kwamba ikishindikana anarudi kwao, si kwenda kumwaga soko la samaki ati "atajitafutia".

Na uliza kama kahasiwa ama kafungwa kizazi. Ukiona ncha ya sikio moja imekatwa imenyooka, kwa kawaida ndiyo alama yake hiyo, usidhani alipigana. Dume aliyehasiwa juzi mpe wiki kadhaa kabla hujamhukumu, homoni haziishi siku moja.

Ukipata safari ya Mombasa au Nairobi na una uwezo, kuna kipimo cha kuchomwa vitone kwenye ngozi ya mkono na kuna cha damu, vyote vinakwambia mwili wako unakataa nini: paka, wadudu wa vumbi, kuvu, na kadhalika. Kile cha ngozi kinaharibika ukiwa umemeza dawa za aleji siku za karibuni, kwa hivyo uliza mapema uache lini. Kwa maoni yangu hela ya kipimo hiki ni bora kuliko hela ya mashine yoyote ya hewa.

Haya, sasa tuje kwa wale ambao paka keshaingia.

"Asubuhi nikiamka napiga chafya mfululizo, mchana naendelea vizuri"

Hii ndiyo naisikia zaidi kuliko zote, na mtu anaapa ni paka. Hebu fikiri. Paka yuko ndani mchana na usiku, kwa nini akuumize alfajiri tu?

Mshukiwa wa kwanza ni wadudu wa vumbi. Ni vidudu vidogo mno, havionekani kwa macho, vinakula magamba ya ngozi yetu tunayopukutisha tukilala na vinapenda unyevu, na sisi huku tunaishi katika unyevu. Vinachokuletea aleji hasa ni kinyesi chao. Makao yao ni godoro, mto na blanketi. Sasa chukua nyumba ya kawaida ya hapa: godoro la sufi ama la pamba, mito ya sufi ambayo bibi aliijaza kwa harusi ya mama na tangu siku hiyo haijafunguliwa, imebadilishwa foronya tu. Ukitaka kuamini, upandishe mto huo juu darini, kwenye paa la nyumba, saa nne asubuhi jua likiwa upande, upige kwa mkono mara moja, halafu tazama kinachotoka dhidi ya mwanga. Hilo ndilo unaloweka uso wako usiku kucha.

Jiulize maswali matatu. Chafya hizi za asubuhi nilikuwa nazo kabla ya paka, hata kidogo? Nikilala kwa watu wasio na paka zinakuja vilevile? Na nikilala juu darini kwenye mkeka msimu wa joto, zinapungua? Ukijibu ndio kwa hayo, godoro lina kesi ya kujibu.

Cha kufanya: mito ya sufi ya zamani itoe, hilo halina mjadala najua itauma. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto kweli, kama digrii 60, maji vuguvugu hayaviui. Godoro lianikwe jua kali mara kwa mara lipate kukauka, na ukiweza livalishe kifuniko kilichosokotwa kwa kubana chenye zipu, vinapatikana mjini ama unaagiza Mombasa. Hii itakusaidia hata kama mwisho wa siku paka naye yumo kwenye lawama, kwa sababu mwili haugawi hesabu, unajumlisha: vumbi kidogo, paka kidogo, moshi kidogo, ukishajaa unamwagika. Wako watu wakitoa godoro bovu paka wanamstahimili bila hata kidonge.

Mshukiwa wa pili ni paka huyo huyo, lakini kwa sababu analala kitandani. Mchana wewe uko jikoni uko dukani, yeye kajikunja kwenye mto wako akijilamba, kisha usiku unakuja kuweka pua pale pale. Chumba cha kulala kiwe haramu kwake tangu siku ya kwanza, mlango ufungwe, hata akililia. Ukimruhusu wiki moja kwa huruma kisha ukamzuia, utakesha ukisikiliza mlango unakwaruzwa. Huu ndio ushauri ambao watu hawautaki na ndio unaofanya kazi kuliko mengine yote.

"Nikimbeba macho yanawaka moto, nikimwacha yanatulia"

Huyu ni paka, hapana haja ya kumtafuta mchawi mwengine. Habari njema ni kwamba aleji ya namna hii ndiyo rahisi kuishi nayo, manake unajua mlango inaopitia ni mikono yako. Umemshika, umejikuna jicho, basi. Sabuni na maji mara tu ukimaliza kumshika, usimlaze shingoni wala usimbusu busu usoni, na nguo ya kumbebea iwe moja, ukitoka unaivua, usiingie nayo kitandani.

Kumchana amchane mtu mwengine asiye na aleji, nje, juu darini ama uani, si sebuleni chini ya feni. Baada ya kumchana apanguswe na kitambaa chenye maji kidogo. Kumwogesha mie sishauri. Ni kweli kumwogesha kunapunguza ile protini mwilini mwake, lakini baada ya siku chache inarudi palepale, kwa hivyo ungehitaji kumwogesha kila mara, na wewe na yeye mngekuwa na makovu. Choo chake pia asafishe mwengine, na kama ndani ya nyumba kuna mjamzito basi mjamzito asiguse kabisa, hilo ni kwa sababu ya ugonjwa mwengine wa vimelea, si aleji.

"Hata chumba ambacho paka haingii napiga chafya"

Panda kwenye kiti, pitisha kidole juu ya pangaboi la feni. Ukiona kidole kimekuja na zulia la kijivu, ushapata. Kila ukiwasha feni unajimwagia hilo kichwani, lipanguswe kwa kitambaa kibichi kila wiki.

La pili ni ufagio. Ukifagia kwa ufagio mkavu unayanyua vumbi lote linapaa, linakaa hewani, wewe unadhani umesafisha na masaa mawili baadaye limeshuka palepale. Piga deki. Kwa hili sisi tuna bahati, sakafu zetu ni saruji na chokaa na tunakalia mikeka, mkeka unauosha unauanika kwishne habari. Zulia la manyoya yale marefu ya kutoka Dubai, kama una paka na una aleji, lipe jamaa zako.

Kisha hewa. Vyumba vya nyumba za zamani za mji ni virefu na vyembamba na madirisha machache, mzee aliyejenga alikuwa anafikiria joto na stara, hakufikiria paka wako. Hewa inazunguka mle mle. Fungua milango inayotazama kiwanda cha kati, ule ua wa ndani ya nyumba, asubuhi na jioni hewa ipite. Mashine za kusafisha hewa zenye filta ya HEPA, ile inayonasa vumbi dogo sana, zinasaidia kweli kwa chumba kimoja ukifunga mlango, lakini zinataka umeme usiokatika na filta za kubadilisha, na chumvi ya bahari huku haihurumii chochote chenye mota. Ukiwa na hela ya kitu kimoja, nunua kifuniko cha godoro.

"Paka nimemtoa na bado naumwa"

Kama umemtoa juzi, subiri. Hiyo protini inabaki kwenye nyumba kwa miezi, minne, sita, hata zaidi kama hukuosha mapazia na viti. Watu wengi wanamrudisha paka shelta, wanakaa wiki mbili hawajapona, wanasema "kumbe hakuwa yeye". Huwezi kujua kwa wiki mbili.

Na Lamu hii kutokuwa na paka ni jambo la kusema tu. Wanapita juu ya dari, wanateremka kwa ngazi, wanalala dakani kwenye baraza lako mchana kutwa. Wale wetu warefu wembamba wa kichwa kidogo hawaulizi mwenye nyumba ni nani. Hata ukizuia wote, jirani atakuja na kanzu aliyompakatia wake. Protini ya paka imekutwa hata madarasani na kwenye nyumba ambazo hazijawahi kufuga, inasafiri na nguo za watu.

"Imeanza na mvua za masika"

Vuta kabati kutoka ukutani utazame nyuma. Ukiona madoadoa meusi na harufu ya uvundo, hiyo ni kuvu, na kuvu inaleta mafua na kikohozi sawasawa na paka. Kuta za mawe ya matumbawe zinanyonya maji kutoka chini na kutoka juu, na Aprili mpaka Juni zinakuwa na kazi hiyo tu. Acha nafasi ya kiganja kati ya kabati na ukuta, ziba panapovuja juu, na ukuta wa chokaa upakwe chokaa. Ile rangi ya mafuta ya kung'aa inafungia maji ndani, baada ya msimu mmoja inabanduka na kuvu iko palepale chini yake. Kama maradhi yako yanakuja na kuondoka na mvua, na paka yuko mwaka mzima, hesabu si ngumu.

"Inanizidi Alhamisi jioni"

Udi, mwanangu. Na ubani. Na dawa ya mbu ya kuwasha, na jiko la makaa lililo karibu na mlango. Moshi si aleji yenyewe lakini unachoma pua ambayo ishakasirika. Sisemi uache kufukiza, sisemi hivyo mie nisije nikafukuzwa mjini, fukiza upande ambao hulali na ufungue madirisha.

Vivyo hivyo kwa punda. Kuna watu mwili unakataa vumbi la ngozi ya punda, wanatoka wima kwenda sokoni wanarudi wanatiririka makamasi, wanamlaani nyau aliyekaa nyumbani. Kama mzee wa nyumba ni wa punda, kikoi chake cha kazi kisiingie chumbani.

"Miguu inawasha, vipele kwenye vifundo"

Viroboto. Si aleji ya paka. Anahitaji dawa, na tafadhali sana iwe ya paka, zile za mbwa zenye permethrini zinaweza kumuua paka, muulize daktari wa mifugo kabla hujampaka kitu. Kama ni doa la mviringo lenye ukingo mwekundu linalopanuka, hilo ni choa, mtazamwe wote wawili wewe na yeye, manake ukijitibu peke yako atakurudishia.

"Pua imeziba kabisa, chafya hakuna, kila dawa nimejaribu"

Uliza kwanza ni dawa gani. Shoga yangu mmoja wa Langoni alikuja na malalamiko haya, ati paka kamharibia pua, nikamwambia fungua mkoba dada, ndani mna chupa ya matone ya pua yale ya kufungua papo hapo. Ameyatumia tangu lini? "Tangu Ramadhani." Na hapo tuko karibu na Maulidi. Matone yale ni ya siku chache tu, tano hivi, ukizidisha pua inazoea na kila yakiisha nguvu inaziba zaidi ya mwanzo, nawe unaongeza. Ukiwa umefika huko nenda kwa daktari akusaidie kuyaacha, mara nyingi kwa spirei nyengine ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe.

Na hiyo spirei ya steroidi ndiyo dawa nzuri zaidi kwa pua ya aleji ya muda mrefu, ila watu wanaitupa kwa sababu hawaitumii inavyotakiwa. Si ya kupuliza ukiumwa, ni ya kila siku, na inachukua siku kadhaa mpaka wiki mbili kuonyesha nguvu yake kamili. Inamisha kichwa mbele kidogo, elekeza mdomo wa chupa upande wa sikio si upande wa ukuta wa kati wa pua, puliza, vuta kidogo tu. Ukivuta kwa nguvu inakwenda kooni, utaionja chungu, pua haikupata kitu.

Vidonge: Piriton inatibu lakini inalaza, mwendesha boda na nahodha wa boti wasiiguse wakiwa kazini. Setirizini na loratadini hazilazi kiasi hicho (setirizini bado inawalaza baadhi ya watu, imeze usiku) na zinatosha mara moja kwa siku. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo waulize kabla ya kumeza. Ile "sindano ya aleji" ambayo mtu anapigwa anakaa mwezi anajisikia mpya, uliza ni nini, kama ni steroidi ya kukaa mwilini si jambo la kurudia rudia kila msimu, ina madhara yake. Kuna na tiba ya kuuzoesha mwili kidogo kidogo kwa kile unachokikataa, ni ya kweli na inafanya kazi kwa wengi, lakini ni miaka mitatu mpaka mitano na inataka mtaalamu wa aleji, kwa mtu wa kisiwani ni safari nyingi.

Makamasi ya kijani, homa na maumivu ya uso, hiyo si aleji, kaonane na daktari.

Kifua

Hapa sina mzaha. Ukikohoa usiku baada ya kukaa na paka, kifua kikapiga filimbi, ukipanda ngazi za nyumba unasimama katikati, hayo si mafua tena. Usijaribu deki wala mito. Nenda upimwe, na mpaka upimwe paka akae kwa mtu mwengine. Mwenye pumu anayejijua, kama unahitaji inhela ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki basi pumu yako haijadhibitiwa, na mwenye pumu isiyodhibitiwa hachukui paka, awe mzuri namna gani. Inhela ya bluu inafungua kifua kwa muda, haiponyi kinachokifunga, kuna ile ya kuzuia inayotumiwa kila siku na wengi wanaiacha mara wanapopata nafuu.

Huwezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo inageuka rangi, ulimi ama uso unavimba, hiyo ni hospitali sasa hivi, kwa mjini ni King Fahd. Na wewe wa Pate, Faza au Kizingitini usiambiane "tutazame mpaka asubuhi". Ikianza Magharibi, tafuta boti Magharibi, maji yakipwa na giza likiingia hesabu inabadilika.

Kama jibu lako ni kifua lakini moyo uko kwa paka, hapa kwetu kuna njia ya katikati ambayo mtu wa ghorofa Nairobi hana. Paka wa uani. Anakula kwako, maji yake kwako, chanjo ya kichaa cha mbwa umempa, amehasiwa, analala darini ama barazani na mlango wa ndani haupiti. Kuna watakaosema huyo si paka wa kufuga. Muulize paka mwenyewe saa ya kugawa vichwa vya samaki. Ama lipia gharama za kumfunga kizazi mmoja pale shelta, hilo halihitaji pua nzima.

Ukiamua kumrudisha

Mrudishe shelta ile ile, mchana, na uwaambie ukweli kwamba ni aleji, usiseme "ana tabia mbaya" ili uonekane una sababu, manake neno hilo litaandikwa na hakuna atakayemchukua tena. Waambie anakula nini, anaogopa nini, kama anapatana na watoto, kama alizoea mlango wa chumba kufungwa. Kadi ya chanjo iende naye, na lile blanketi lake pia, wewe hulihitaji na yeye atalala vizuri zaidi juu yake.